Kuchambua

Kifurushi cha usiku hufunguka saa sita,
hufungwa saa kumi na moja.
Kati ya hapo mimi ni mwanafunzi:
ndoo imepinduliwa, simu juu ya ndoo,
sikio moja tu linasikia, waya wa pili ulikufa,
na mwalimu nisiyeijua sura yake, mkono tu,
anatia nukta ubaoni kama mtu anayemwaga mbegu.

Somo la nne. Anasema: chagueni kwanza
idadi ya makundi. Nami narudia kwa sauti,
nilishike neno kwa lugha ya nyumbani:
makundi. Makundi.
Nyuma ya pazia kitanda kikalia.
"Makundi gani tena? Yamefika wapi?"
Mama ameshakaa, anatafuta kandambili kwa miguu.
Hapana Mama, ni ya hesabu. Lala.
Hakulala. Hapa Goma neno hilo
halijawahi kuingia nyumbani likiwa peke yake.

Siku hizi nasema mafungu,
kama ya nyanya, kama ya sambaza pale Birere.

Katikati ya kila fungu kuna nukta isiyo ya mtu,
wastani mtupu. Nimeiita kitovu.
Unakiweka popote, kwa kubahatisha;
kila nukta inakimbilia kitovu kilicho karibu,
kisha kitovu kinahama, kinakaa katikati ya waliokuja,
kisha wengine wanaona kingine sasa ndicho cha karibu,
wanahama, kinahama,
mpaka hakuna anayesogea.
Hapo, anasema mwalimu, tumefika.

Nikasimamisha video.
Cha Mama kilizikwa Kayna, chini ya mgomba.
Changu Kanyabayonga.
Cha Muhindo, mdogo wangu, hapa Majengo,
kwenye jiwe jeusi la volkano lisilochimbika;
ilibidi tuazime nyundo.
Mwalimu hakusema ni mizunguko mingapi.

Jumapili nikachukua maharagwe ya dukani, punje mia mbili,
moja moja: urefu kwa rula, upana,
uzito kwenye mizani ya Mbusa anayenunua dhahabu
(alicheka, lakini alinipa).
Mama na ungo wake upande wa pili wa mkeka.
Niliandika tatu. Mashine ikatoa matatu,
mekundu, ya buluu, ya kijani, yamepangika kama kitenge kipya.
Yeye alikuwa na mafungu manne.
Nikamuuliza kipimo.
"Yanayoiva pamoja."
Na rangi? "Rangi ni nguo."
Katika safu zangu zote sikuwa na safu ya moto.

Lakini gunia la Butembo, lile aliloapa ni la shamba moja,
kila nilipoomba mawili lilipasuka katikati.
Nikabadilisha mianzo, mara tano,
likapasuka palepale: mazito huku, mepesi huku.
Mama akachukua punje ya huku, akauma.
Ya huku, akauma.
Akatema.
Ya mwaka juzi yamechanganywa na mapya.
Alimtukana mchuuzi kwa Kinande nusu saa nzima,
hata majirani wakazima redio wasikie vizuri,
kisha akaniambia, bila kunitazama:
"Hicho kitu chako, kesho kipime na lile la Rutshuru."

Imebaki moja. Nyeupe, doa la zambarau jichoni,
mbali na vitovu vyote. Mashine imeisukuma
fungu la pili, maana lazima iisukume mahali.
Kuifuta kwenye jedwali kunaruhusiwa,
mwalimu alisema, mradi uandike sababu.
Nimekaa na kalamu. Sababu sina.
Mama ameshaifunga kwenye pindo la kitenge.
"Ya kupanda."
Wapi, Mama? Tunalala juu ya lava.

Hajajibu bado.
Saa kumi na dakika hamsini.
Somo la tano linapakia:
asilimia sabini. Sabini na moja.